Kivuli Kifupi Kuliko Mwenyewe

Nitaanza na mtoto mmoja, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia jioni hii.

Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu na alikuwa bado hajasimama. Mama yake alimkalisha juu ya meza ya kliniki, akamvua soksi na kifulana, akanyamaza akisubiri niseme. Nilishika kifundo cha mkono wake. Kilikuwa kipana isivyo kawaida, utadhani amevalishwa kikuku chini ya ngozi. Nikapapasa mbavu pale zinapokutana na gegedu, vidole vikapita juu ya vinundu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevuta tasbihi. Nikagusa utosi, nikauona bado mpana na unabonyea, ilhali kwa umri ule ulipaswa kuwa unafunga. Mama akaniambia kwamba usiku mto wa mtoto hulowa jasho la kichwa hata siku za baridi.

"Mama Rehema," nikamwambia, "mtoto ana matege huyu."

"Matege? Sista, mbona kila asubuhi namwanika?"

Nikamwuliza anamwanika wapi na saa ngapi.

"Dirishani, saa moja, kama ulivyotuelekeza. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, chini hapana pa kukaa, ni magari matupu. Basi namlaza kwenye godoro pale jua linapoingilia, nafunga kioo asipigwe na upepo."

Kama ulivyotuelekeza. Maneno yale sijayasahau, wala sitaki kuyasahau. Alikuwa hakosei. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kina mama wenye watoto wachanga mapajani, mwaka baada ya mwaka, nikisema: mtoeni mtoto apate jua la asubuhi, lile la saa moja, lina vitamini D. Nililipokea neno hilo kwa walionitangulia kazini, nikalipitisha kama lilivyo. Mama huyu alilishika akalitekeleza kila siku kwa uaminifu, na mifupa ya mwanawe ikaendelea kulainika mbele ya macho yake.

Makosa yalikuwa mawili, saa na kioo, nami nitayafikia yote mawili. Lakini chini yao liko kosa la tatu lililoyazaa, nalo limo ndani ya ile sentensi tuliyokaririshwa wengi wetu: jua lina vitamini D. Ukiamini hivyo, unaiona vitamini kama mafuta ya nazi. Inateremka kutoka juu, inaangukia ngozi, inapenya, inafika mfupani. Kwa hiyo jua lolote litafaa, la saa yoyote, hata lililopita kwenye kioo, maana mwanga si ndio huo huo?

Mwanga wa jua hauna vitamini ndani yake, kama moto usivyo na ugali ndani yake. Moto huivisha kilichomo sufuriani. Vitamini D hutengenezwa na ngozi yenyewe, kwa malighafi yake yenyewe, na jua kazi yake ni kuupiga mwale mmoja unaowasha shughuli.

Wenyeji wa Lamu mliopo hapa mtanielewa upesi kwa neno moja. Katika nyumba za mawe za kwenu, kiwanda ni ule uwanja wa ndani, uliozungukwa na kuta, ulio wazi kwa juu. Sisi wengine tukisikia kiwanda tunawaza mitambo na moshi. Ngozi ni kiwanda kwa maana zote mbili: ni mahali palipo wazi kwa jua, na ni mahali pa kutengenezea kitu. Nitalitumia neno hilo hadi mwisho, kwa hiyo naomba mlishike na uzito wake wote.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda hicho. Mwilini mwetu kuna kolesteroli, jina linalotisha watu siku hizi, ingawa bila hiyo tusingeishi. Kolesteroli ina ndugu yake wa karibu, anaitwa 7-dihidrokolesteroli, na ngozi huwa naye wa kutosha katika tabaka lake la juu lililo hai. Molekuli hiyo imejengwa kwa pete nne. Mwale wa urujuanimno wa aina ya B, ule wa urefu wa nanomita 290 hadi 315 hivi, ukiipiga, pete moja hukatika. Kinachopatikana ni kitu kichanga, kisicho imara. Kisha, kwa joto la mwili tu, bila kuhitaji jua tena, kitu hicho hujipinda na kuwa vitamini D3. Hatua hii ya pili huchukua saa kadhaa. Yaani umeshaingia ndani, umeshaoga, umeshakula, pengine umelala, na kiwanda bado kinafanya kazi ya mchana.

Na kiwanda kina breki. Ukikaa juani kupita kiasi, miale ile ile huvunja kilichozidi na kukigeuza kuwa vitu vingine visivyogusa mifupa. Ndiyo maana hakuna mvuvi aliyewahi kudhurika kwa wingi wa vitamini D kwa kushinda baharini. Vidonge na sindano havina breki hiyo. Mtu akivitumia bila kipimo, kalsiamu hupanda katika damu na figo huharibika, na wapo waliofikishwa huko na nia njema.

Vitamini ikishaiva huchukuliwa na protini maalumu iliyomo katika damu, kama abiria aliyepata mchukuzi, ikapelekwa kwenye ini. Ini huibadilisha kidogo na kuirudisha katika damu kama akiba. Hiyo akiba ndiyo maabara hupima ikipelekewa damu. Kutoka hapo hufika kwenye figo, na figo ndizo huimalizia kuwa silaha kamili, tena kwa amri. Tezi nne ndogo za shingoni, nyuma ya ile ya thairoidi, zikihisi kalsiamu imepungua, huziagiza figo ziongeze kasi. Ikikamilika, huenda kwenye utumbo na kuufungulia njia ya kuingiza kalsiamu. Bila vitamini D, utumbo hunyonya asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Ikiwepo ya kutosha, hufika asilimia 30 hadi 40. Mtoto wa Mama Rehema alikuwa ananyonya, anakunywa uji, na kalsiamu kidogo aliyopata ilikuwa inapita kama maji kwenye pakacha.

Kitu kinachotengenezwa mahali pamoja mwilini, kikasafirishwa na damu, kikatoa amri mahali pengine, jina lake ni homoni. Vitamini D ni homoni iliyopewa jina la vitamini kwa sababu ya jinsi ilivyogunduliwa. Historia hiyo inanigusa sana, niruhusuni nikae nayo kidogo.

Katika miji ya viwanda ya Uingereza na Ulaya ya kaskazini, karne ya 19, matege yalikuwa maradhi ya kila mtaa. Vichochoro vyembamba, moshi wa makaa ya mawe umetanda juu, watoto wamejifungia ndani. Daktari mmoja mmisionari, Theobald Palm, aliyewahi kutibu watu Japani na kukuta matege ni nadra huko, alishangaa aliporudi kwao. Akaandikia wenzake walioko sehemu mbalimbali za dunia, akakusanya majibu, na mwaka 1890 akaandika kwamba kinachotofautisha nchi zenye matege na zisizo nayo ni jua. Hakusikilizwa sana. Wengine walisema ni urithi, wengine uchafu, wengine chakula.

Chakula kilipata ushahidi kwanza. Edward Mellanby, jijini London, aliwalisha mbwa wachanga uji wa oti huku wamefungiwa ndani, wakapata matege; akawapa mafuta ya ini la kodi, samaki wa bahari za baridi, wakapona. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1919. Miaka mitatu baadaye Elmer McCollum, Marekani, alithibitisha kwamba kiponyacho ni kitu tofauti na vitamini A iliyomo katika mafuta yale yale, na kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimeshatajwa, hiki kikaitwa D. Jina likakaa. Tangu hapo dunia ikaiweka katika fungu la vyakula.

Lakini mwaka huo huo wa 1919, Berlin, mji uliotoka kwenye vita na njaa, alikuwepo daktari wa watoto, Kurt Huldschinsky. Aliwachukua watoto wanne wenye matege makali, akawamulika kwa taa ya zebaki, dakika chache mwanzoni, kisha akaongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Picha za eksirei zikaonyesha mifupa inajaa. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwa mtu yeyote, lakini Huldschinsky aliuliza swali moja zaidi, na swali hilo ndilo linalonifanya nimpende. Alimulika mkono mmoja tu wa mtoto na kuufunika mwingine. Kisha akapiga picha mikono yote miwili.

Yote miwili ilipona.

Lifikirieni jambo hilo. Kama mwanga wenyewe ndio dawa, au kama kitu hupenya pale kilipoangukia, ungepona mkono uliomulikwa peke yake. Mkono ulioachwa gizani umepona kwa sababu kuna kitu kimetengenezwa katika ngozi ya mwenzake kikasafiri kwa damu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1928, Adolf Windaus alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya steroli, familia ya kolesteroli, na uhusiano wake na vitamini. Huldschinsky, aliyekuwa Myahudi, alilazimika kuihama Ujerumani, akahamia Misri. Jina lake leo wanalijua wachache.

Taa yake ilikuwa na jambo moja dogo: kioo chake kilikuwa cha kwatzi. Kioo cha kawaida kisingefaa, kwa sababu huzuia karibu miale yote ya aina ya B. Kinapitisha mwanga wa kuonea, kinapitisha joto, mtoto anang'aa na godoro linapata moto, lakini mwale unaokata ile pete umebaki nje ya dirisha. Mama Rehema alikuwa amemwanika mwanawe mbele ya mlango uliofungwa, na hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuuona mlango huo.

Kuhusu saa. Miale ya aina ya B huchujwa na ozoni iliyo juu angani. Jua likiwa utosini, miale hukata njia fupi kupita kwenye ozoni na mingi hutufikia. Jua likiwa chini, saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni, miale hupita kwa mshazari mrefu na karibu yote hubaki njiani. Kwa hiyo lile jua zuri, pole, la rangi ya dhahabu, tunalolisifu kwa watoto wachanga, ndilo lisilowasha kiwanda. Hupasha joto, huchangamsha mtoto, humpa mama nafasi ya kupumua hewa safi, na mambo hayo nayapenda. Mifupani haliingizi kitu.

Kipimo kipo, nacho hakihitaji saa wala simu. Simama juani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini mno, na kinachotengenezwa ni kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kiwanda kimefunguliwa. Hapa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kivuli hulingana na mwenyewe kati ya saa tatu na robo na saa nne na robo asubuhi hivi, kutegemea mwezi na mahali, na hurefuka tena kumzidi kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu alasiri hivi. Sisi tunapata dirisha hilo kila siku ya mwaka. Ni neema kubwa kuliko tunavyodhani.

Wenzetu hawana. Mwaka 1988 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya jaribio ambamo waliweka ngozi na ile malighafi ya 7-dihidrokolesteroli juani, siku zisizo na wingu, mwezi baada ya mwezi. Kuanzia Novemba hadi Februari hakikutengenezwa kitu. Edmonton, Kanada, iliyo kaskazini zaidi, ilikuwa Oktoba hadi Machi. Jua lilikuwepo, theluji iling'aa, na kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa miezi.

Hapo ndipo lazima niseme juu ya rangi yetu. Melanini tuliyopewa ni mwavuli uliowekwa ndani ya ngozi. Hutukinga na kuungua na saratani, na chini ya jua letu ni ulinzi usio na bei. Lakini mwavuli huo hukamata pia miale inayowasha kiwanda. Mwaka 1982 jarida la Lancet lilichapisha jaribio ambapo watu weupe na weusi walimulikwa kwa kipimo kimoja cha mwanga. Kwa weupe vitamini D katika damu ilipanda hadi mara 60. Kwa weusi haikubadilika kwa kiasi cha maana. Mmoja wao alipomulikwa tena kwa kipimo kikubwa mara sita, akawafikia. Kiwanda chetu ni kizima kabisa. Kinahitaji muda zaidi tu.

Kwa hiyo kijana wetu aliyehamia London au Toronto, akaingia kazini gizani na kutoka gizani, amevaa koti hadi kidevuni, anapungukiwa pande mbili kwa wakati mmoja. Tangu 2016 Uingereza inashauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa miezi ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie hivyo mwaka mzima. Mwenye ndugu huko ampigie simu leo. Msimwambie aote jua la Desemba. Mwambieni anunue vidonge, ni vya bei ndogo.

Ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Jeddah wana habari inayoshangaza zaidi. Jua la huko linapasua mawe, na bado tafiti nyingi za nchi za Ghuba zimekuta upungufu mkubwa wa vitamini D, hasa kwa wanawake. Ukiyafuata maisha yao ya siku moja mshangao unaisha: nyumba yenye kiyoyozi, gari lenye vioo vya giza, ofisi, duka kubwa, gari, nyumba. Joto limewafukuza nje. Na mavazi ya stara hufunika ngozi nzima. Nalisema hili kwa heshima, nikiwa mwanamke wa Pwani ninayevaa buibui: stara haijawahi kuwa ugonjwa. Bibi zetu walikuwa na ua, walikuwa na kiwanda, mahali pa kufua, kutwanga na kusuka nywele, kichwa wazi na mikono wazi, jua limewasimamia juu na hakuna mgeni anayewaona. Tulipohamia ghorofani tulichukua buibui na tukaacha ua.

Hapo nataka niwape jambo la faraja kutoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa akiba yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa kinatosha ni 50. Na hawa si watu wanaolala chini wakiota jua. Watafiti wenyewe waliandika kwamba hukwepa jua la moja kwa moja wanapoweza. Wanatembea. Wanachunga, wanachota maji, wanachimba mizizi, wanakaa chini ya mti kisha wanainuka tena. Siku nzima wako nje, na kiwanda kinafanya kazi kidogo kidogo bila wao kukifikiria.

Sasa, isije ikafikiriwa kwamba jua peke yake linamaliza matege yote. Katika utafiti uliochapishwa 1999, watoto wenye matege wa Jos, Nigeria, walipewa wengine vitamini D, wengine kalsiamu, wengine vyote. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi. Jua walikuwa nalo. Vyakula vyao vya nafaka ndivyo vilivyokuwa havina madini. Kiwanda kinaweza kufungua milango yote ya utumbo na pasiwe na kitu cha kuingiza. Na Nairobi, jiji lililo karibu kabisa na Ikweta, matege yameelezwa katika mitaa ya mabanda, ambako mtoto hufungiwa chumba kisicho na dirisha mama anapokwenda kibaruani. Pale vyote viwili hukosekana. Kwa hiyo nikimtaja mtoto na jua, pembeni yake nataja dagaa, wale wadogo tunaowala na miiba yao, wamesagwa wakatiwa kwenye uji. Dagaa wana kalsiamu nyingi, na hawahitaji pesa ya maziwa.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya krimu na viraka. Dukani kuna chupa zilizoandikwa vitamini D, na mtandaoni vinauzwa viraka vya kubandika mkononi. Swali ni zuri: kama ngozi ndiko inakotoka, kwa nini tusiipake tu?

Kwa sababu kiwanda na mlango ni vitu viwili. Molekuli ya vitamini D si kubwa, ina uzito wa 384, na zenye uzito chini ya 500 huweza kupenya ngozi. Ila hii hupenda mafuta kupita kiasi. Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizounganishwa kwa mafuta, na vitamini ikifika pale inanogewa, inakaa. Safari ya kutoka hapo kwenda kwenye tabaka la majimaji, iliko mishipa ya damu, inakuwa nzito. Sehemu kubwa huishia kwenye kitambaa cha kuogea. Mlango haujafungwa kabisa, nakiri. Wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi, hupakwa dawa iitwayo kalsipotrioli, binamu wa vitamini D, nayo hufanya kazi ndani ya ngozi. Madaktari huweka ukomo wa gramu 100 kwa wiki kwa mtu mzima, kwa sababu ikizidi, inayopenya huweza kupandisha kalsiamu. Kwa hiyo kitu hupita, lakini hupita kwa kubahatisha, leo kingi, kesho kidogo, kutegemea mahali ulipopaka na unene wa ngozi yako. Mtoto mwenye matege hatibiwi kwa kubahatisha. Mwenye pesa ya kiraka anunue matone ya kunywa.

Na kama yupo anayedhani mkorogo wa kung'arisha ngozi utamsaidia, kwa kuwa ngozi nyeupe hutengeneza haraka, namsihi kwa upendo wote: aache. Zebaki na haidrokwinoni zinazotiwa kwenye mkorogo huuvunja mwavuli, na zebaki ikishaingia mwilini hushambulia figo, zile zile zinazokamilisha vitamini D.

Hapa nataka kusema polepole. Yote niliyoyasema juu ya kutoka juani hayawahusu wenye ualbino. Ngozi yao haina mwavuli, hutengeneza vitamini D kwa mwanga kidogo sana, na huungua upesi mno. Nimewaona vijana wa miaka ishirini na kitu wenye saratani ya ngozi iliyokula sikio na shingo. Kwao, kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kukinga jua kama yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Wakipungukiwa, kidonge kipo. Mwalimu anayewasimamisha wanafunzi wote mstarini saa sita mchana alikumbuke hili.

Kidonge chenyewe, mkitaka kujua, kinaanzia wapi? Manyoya ya kondoo yana mafuta yatokayo kwenye ngozi yake. Kiwandani huyaosha manyoya, wakayachuja mafuta, wakatoa humo kolesteroli, wakaigeuza kuwa ile ile 7-dihidrokolesteroli, wakaimulika kwa taa za urujuanimno. Hiyo ndiyo D3 ya vidonge vingi mnavyoviona. Hata anayemeza anameza kazi ya ngozi na mwanga, iliyofanyika mbali na kwake.

Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita, simtumi tena mama yeyote kumlaza kwenye jua kali. Ngozi ile ni nyembamba mno. Nchi nyingi humpa anayenyonya yuniti 400 za matone kila siku, na ningependa sana tufike huko kliniki zote. Kwa anayetambaa na anayetembea, nasema: nje, kivuli kikiwa kifupi, mikono na miguu wazi, acheze, na kabla ngozi haijapata moto arudi chini ya mti. Dakika chache leo, chache kesho. Aliye ghorofani apande darini au ashuke hadi uwanja wa msikiti, au uwanja wa shule siku isiyo na masomo. Kioo kifunguliwe.

Mtoto wa Mama Rehema alipewa matone na kalsiamu. Baada ya miezi mitatu tukampiga picha tena. Katika ile ya kwanza ncha za mifupa ya mkono zilikuwa zimechanuka na kuchakaa, mfano wa brashi ya zamani. Katika hii ya pili palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka, umekatiza kila ncha. Mama alitaka nimwonyeshe kwa kidole. Nilimwonyesha, akaugusa yeye mwenyewe juu ya picha, mmoja mmoja.

Ilikuwa saa nne na robo. Siku hizo tulikuwa tumeanza kuwatoa kina mama nje, kwenye mkeka nyuma ya kliniki, pembeni ya mwembe. Akamsimamisha Rehema pale, amemshika mikono yote miwili, akainama kutazama chini. Kivuli cha mtoto kilikuwa kimeanzia kwenye visigino na hakikuwa kimefika hata kwenye ukingo wa mkeka.